Maswali na majibu: Kilkenny, kitongoji kisicho na mkazi hata mmoja

Wiki iliyopita niliandika kuhusu Kilkenny, kitongoji cha jimbo la New Hampshire, Marekani, ambacho hakikaliwi na mtu. Maswali yamekuja mengi, nami nayajibu haya.

Hakuna mtu kabisa? Hata mlinzi?
Hakuna. Sensa ya 2010 iliandika 0, na ya 2020 ikaandika 0. Mtu huhesabiwa anakoishi siku zote, kwa hiyo mpanda milima anayelala hemani siku mbili haingii.

Kukoje huko?
Kuko kaskazini mwa jimbo, katika kaunti ya Coös, na ni milima na msitu tu. Mrefu kuliko yote ni Mount Cabot, mita 1,271. Kaskazini yake kuna ziwa dogo liitwalo Unknown Pond, yaani ziwa lisilojulikana. Ukingoni pamejaa miti ya gome jeupe linalobambuka kama karatasi, chini yake kangaga zimetanda, na ng'ambo ya maji kinachomoza kilele kinachoitwa The Horn, pembe.

Kama hakuna watu, mipaka ni ya nini?
Swali hili nimelipenda kuliko yote. Kwetu kitongoji ni watu kwanza: nyumba, kisima, mwenyekiti. Kule karatasi ilitangulia watu. Mwaka 1774, New Hampshire ikiwa bado koloni la Uingereza, ardhi ilikatwa vipande na kugawiwa kwa matumaini kwamba wakulima watakuja. Waliogawiwa Kilkenny waliambulia miteremko, mawe na baridi kali. Waliokuja kwa wingi ni wakata magogo, na miaka ya 1880 wakajenga reli yao. Reli ikaondoka, jina likabaki. Kisha ikaja Sheria ya Weeks ya 1911, iliyoiruhusu serikali ya taifa kununua misitu ya mashariki. Mwaka 1918 ukaundwa Msitu wa Taifa wa White Mountain, na leo Kilkenny yote imo ndani yake. Weeks mwenyewe, mbunge ambaye sheria hiyo ina jina lake, alizaliwa Lancaster, mji unaopakana nayo.

Nani anakiongoza?
Kaunti. Msitu uko chini ya idara ya misitu ya taifa.

Si ardhi inayokaa bure?
Hapana, na hapa sikubali hata kidogo. Vijito vya Kilkenny hushuka hadi mto Connecticut, unaopita majimbo manne kabla ya kufika baharini. Sheria ile ya 1911 ilitungwa hasa kulinda vyanzo vya mito kama hiyo.