Kupiga picha za mitaani China ukiwa mgeni

Ndugu, umeuliza kama mgeni anayeishi China anaweza kupiga picha za watu mitaani bila kupata matatizo. Kupiga mandhari ya mtaa yenye watu kwa kawaida hakuleti shida, mradi usielekeze kamera kwenye kambi za jeshi, na polisi akikwambia acha, acha. Ila Sheria ya Kiraia iliyoanza kazi Januari 1, 2021 inalinda sura ya mtu: kwa kawaida inataka ridhaa yake hata kwa kuipiga, si kuitumia tu, na kuiweka kwenye tangazo la biashara bila ridhaa yake ni kujitafutia balaa.

Mimi niko Guangzhou. Ushauri wangu anzia bustani za umma asubuhi. Utakuta wazee wanaandika mashairi sakafuni kwa brashi ndefu iliyochovywa maji matupu. Jua likiwaka, mstari wa kwanza unakauka kabla wa mwisho haujaisha. Chuchumaa, piga picha ya mkono na ndoo, achana na sura. Jioni kuna akina mama wanaocheza kwa vikundi viwanjani, na hao wengi hawana neno, wengine watakuita uje karibu.

Xiaobei, mtaa wa hapa Guangzhou waliko Waafrika wenzetu wa biashara, ndiko pagumu. Watu pale hawaipendi kamera na sababu wanazo, tena wewe Mswahili ndiyo utagombezwa zaidi. Omba kwanza.

Kwa Wachina sema tu “kěyǐ pāi ma?” (naweza kupiga picha?) huku ukionyesha kamera. Akikubali, mtumie picha yake kwa WeChat, programu ya ujumbe wanayotumia Wachina, palepale. Lenzi ya milimita 35 inatosha. Zile ndefu za kuvizia zinatia watu wasiwasi.