Nikisema naumwa, mume wangu anasema nadeka

"Shangazi, shikamoo. Nina mimba ya wiki 31, ya kwanza. Nilitapika mpaka mwezi wa tano, na wakati huo mume wangu alikuwa akiniambia nijikaze, eti mambo mengine ni ya kichwani. Kutapika kumekwisha, sasa nyonga ndizo zinaniuma, hasa usiku ninapogeuka kitandani. Nikimwambia, ananijibu kwamba mimba si ugonjwa, na kwamba mama yake alizaa watoto sita na hajawahi kumsikia akilalamika. Juzi nilipiga kelele kidogo nikigeuka. Akashusha pumzi ndefu, akachukua mto wake, akaenda kulala sebuleni. Si mtu mbaya, Shangazi. Hanitukani, hanipigi, na kitanda cha mtoto amekitengeneza kwa mikono yake. Nikitoka kliniki swali lake la kwanza ni 'mtoto anaendeleaje?' Sasa nimeamua kunyamaza. Hata wiki hii viganja na nyayo zinaniwasha usiku mpaka naenda kusimama kwenye sakafu ya bafu ili zipoe, ila sijamwambia, maana najua atasema 'na hilo nalo?' Je, ni kweli nadeka? Na nifanyeje ili aniamini?"

Marahaba, mwanangu. Maswali yako mawili nitayajibu, lakini kabla ya hayo kuna jambo umelitaja juu juu tu, mwishoni kabisa, na ndilo lililonishtua. Viganja na nyayo.

Kesho asubuhi nenda kliniki. Usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Ngozi ya tumbo kuwasha kwa sababu inavutika ni kawaida kwa wajawazito wengi. Kuwashwa viganja na nyayo katika miezi mitatu ya mwisho, tena kunakozidi usiku na bila vipele, ni habari nyingine. Kunaweza kuwa dalili kwamba nyongo haitoki kwenye ini inavyotakiwa na asidi zake zinajaa kwenye damu. Huenda si hilo. Atakayesema ni kipimo cha damu, si mimi wala mumeo. Ukifika, usianze kwa kuomba radhi kwamba huenda ni jambo dogo. Sema: "Nina wiki 31, viganja na nyayo zinaniwasha usiku, sina vipele, naomba nipimwe ini na asidi za nyongo." Kama mkojo umekuwa mweusi au macho yameanza kuwa ya njano, litaje hilo pia. Ikithibitika, wewe kwa kawaida utapona baada ya kujifungua, ila mtoto anaweza kuzaliwa njiti, na asidi hizo zikipanda sana anaweza kufia tumboni. Ndiyo maana madaktari wakishagundua tatizo hili hurudia vipimo na wakati mwingine huamua azaliwe mapema kidogo. Kwa hiyo nenda, halafu urudi tuendelee.

Sasa tazama kilichotokea. Usiku ule bafuni mumeo hakuwepo. Hakusema neno lolote. Jibu lake ulilijibu wewe mwenyewe kwa niaba yake, ukanyamaza. Hilo limeniuma kuliko ule mto uliobebwa kwenda sebuleni. Mtu anayeambiwa kila siku kwamba maumivu yake ni madogo, maumivu hayapungui. Anachoacha ni kuyasema, kisha anaacha hata kuyapima. Kwa mjamzito hii ni hatari kubwa, kwa sababu dalili mbaya zinakuja zimechanganyika na karaha za kila siku. Kichwa kinachouma bila kukoma, macho kuona ukungu au vimulimuli, uso na mikono kuvimba ghafla, maumivu chini ya mbavu za kulia: hizo zinaweza kuwa za shinikizo la damu linaloelekea kwenye kifafa cha mimba. Mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu, hapo panaweza kuwa na damu iliyoganda. Mtoto kupunguza kucheza, kupumua kwa shida hali umekaa tu, damu au maji kutoka, hayo ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Nyingi kati ya dalili hizi mwanzoni husikika kama malalamiko tu. Ukishajizoesha kumeza malalamiko, utazimeza na hizo.

Unadeka? Hapana, mwanangu, hudeki.

Hebu nikuambie mwili wako unafanya nini hapo ulipokaa unasoma. Damu yako imeongezeka kwa karibu nusu ya ile uliyokuwa nayo kabla ya mimba, na moyo unaisukuma yote hiyo mchana na usiku. Mji wa mimba ambao ulikuwa na uzito wa gramu 70 hivi unaelekea kilo moja, wenyewe tu, bila kumhesabu mtoto, kondo wala maji. Homoni zimelegeza kano zinazoshikilia viungo vya nyonga ili njia ya mtoto ipate kupanuka, na viungo vikilegea husuguana, hasa pale mbele kwenye kinena na nyuma chini ya kiuno. Ndiyo maana kugeuka kitandani, jambo ambalo mwaka jana hukuwahi hata kulifikiria, leo linakutoa kelele. Mwaka 2019 watafiti walilinganisha nguvu ambazo mwili hutumia katika kazi ngumu za muda mrefu. Waliwapima hadi watu waliokuwa wakikimbia kuvuka Marekani, marathoni juu ya marathoni, miezi kadhaa. Waliona kwamba mwili wa binadamu hauwezi kudumu kwa muda mrefu ukitumia zaidi ya takriban mara 2.5 ya nguvu unazotumia ukiwa umepumzika. Wajawazito hufika mara 2.2. Mumeo akikuona umejilaza saa tisa alasiri "bila kufanya kitu", hiyo ndiyo kazi inayofanyika.

Na kule kutapika kulikoambiwa ni kwa kichwani? Marlena Fejzo ni mtaalamu wa jenetiki wa Marekani. Mwaka 1999, akiwa mjamzito, alitapika kiasi cha kushindwa kula, kunywa wala kusogea. Daktari wake aliona anatia chumvi. Mimba ile ilitoka ikiwa na wiki 15. Mama huyu alitumia miaka iliyofuata kutafuta chanzo, na Desemba 2023 yeye na wenzake walichapisha matokeo: kuna homoni iitwayo GDF15, inayotengenezwa kwa wingi na kondo la mtoto, na wanawake ambao miili yao haikuizoea kabla ya mimba ndio wanaoathirika zaidi inapopanda. Ni kitu kinachopimika kwenye damu. Wanawake walikiona kwa miaka na miaka wakaambiwa wajikaze.

Mimba si ugonjwa, ni kweli. Lakini mumeo anasema hivyo kana kwamba kisicho ugonjwa hakiumi, na hapo ndipo anapokosea. Kuota meno si ugonjwa, na mtoto wenu atakapoota atalia usiku kucha, naye baba yake atambeba.

Nije kwake sasa. Nimesoma maneno yako kwa makini: "mtoto anaendeleaje?" Kitanda ametengeneza. Huyu si mwanamume asiyejali. Anajali kitu kimoja na amekusahau wewe unayekibeba. Wanaume wengi wako hivi na hawajioni. Mtoto wanaweza kumfanyia jambo: watapiga misumari, watapaka rangi. Maumivu ya mke hawawezi kuyapigilia msumari yakaisha, na kushindwa huko kunawatia hofu, hofu ikitoka mdomoni inakuwa "unadeka". Ninakueleza ili umfahamu. Sikuambii umvumilie. Kuogopa kwake hakumpi ruhusa ya kukuacha peke yako kitandani.

Na huyo mama yake aliyezaa sita bila kulalamika, mimi nina shaka naye. Sina shaka na uvumilivu wake. Shaka yangu ni kwamba anayesimulia habari zake ni mwanawe, aliyekuwa mtoto mdogo, au hajazaliwa kabisa, wakati mama yake anahangaika na mimba hizo. Angejuaje? Tafuta siku umkalie mama mkwe wako, nyinyi wawili tu, umuulize: "Mama, nyonga zilikuuma? Ulikuwa unafanyaje?" Usiende kumshitaki mumeo, nenda kuuliza. Mara nyingi mwanamke mzee akiulizwa na mwanamke mwenzake ndipo hufungua mambo ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Akikuambia aliumwa na hakuwa na wa kumwambia, muombe amwambie mwanawe maneno hayohayo. Akikuambia hakuumwa kweli, mshukuru Mungu kwa ajili yake, na nyonga zako zitabaki kuwa zako.

Swali lako la pili ni vigumu zaidi: ufanyeje akuamini. Nadhani ndiyo maana umechoka. Umekuwa ukileta ushahidi kila siku kama uko mahakamani, naye anahukumu. Ukiumwa kidogo anasema ni kidogo, ukiumwa sana anasema unazidisha. Acha kuleta ushahidi. Muombe kitu.

Chagua wakati ambao huumwi sana na yeye hana haraka, si saa nane za usiku. Zima televisheni. Mwambie kitu kama hiki, kwa maneno yako: "Nikikwambia naumwa, sikuombi uamue kama ni kweli. Nakuomba uniulize nikusaidie nini." Kisha mtajie mambo ya mikono, kwa sababu mikono yake umeniambia inafanya kazi vizuri. Usiku akuwekee mto katikati ya magoti, na unapogeuka akusaidie huku umebana magoti pamoja, mwili wote ugeuke kwa mara moja. Hilo peke yake hupunguza maumivu ya kinena kwa wengi. Kazi za kuinama, za kunyanyua vizito na za kusimama muda mrefu zihamie kwake mpaka utakapojifungua na kupata nguvu. Wewe vaa nguo ukiwa umekaa, usisimame kwa mguu mmoja, ngazi panda kidato kimoja kimoja. Kliniki waulize kama kuna mtaalamu wa mazoezi tiba, kwa sababu maumivu haya yana mazoezi yake na mikanda yake, na hakuna aliyesema lazima uyabebe mpaka mwisho.

Jingine: aje kliniki, aingie ndani, asibaki nje kwenye benchi akichezea simu. Mbele yake mwambie mkunga kila kitu, kuanzia nyonga hadi usingizi. Kuna wanaume ambao neno la mke hulipita sikio lakini neno la mkunga hulishika. Linaudhi, najua. Hata hivyo litumie, una wiki tisa tu na huna muda wa kumfundisha heshima kuanzia herufi ya kwanza.

Na mwambie pia kuhusu ule mto. Usimlaumu, mwambie ulivyojisikia alipouchukua akaenda sebuleni. Kama hamjawahi kulizungumza, inawezekana kabisa anadhani alikuachia nafasi ulale vizuri.

Kuna mpaka mmoja ambao sitaki uuvuke kwa kumhurumia. Akikukataza kwenda kliniki, akikunyima nauli au simu ili usiende, akianza kukutisha au kukuinulia mkono, hapo si suala la kutoelewa tena. Kuna wanaume ambao ukatili wao huanza au huzidi mke akiwa mjamzito. Siku hiyo mwambie mkunga mkiwa wawili tu, na ndugu yako mmoja unayemwamini ajue. Kwa uliyoniandikia, sioni kwamba mko huko.

Kesho usimsubiri akubali ndipo uende. Mwambie, "Naenda kupimwa damu, ukitaka twende pamoja." Akija, vizuri. Asipokuja, nenda na dada, rafiki, jirani, au peke yako.

Anza pia kufikiria nani atakuwa nawe chumba cha kujifungulia. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mwanamke awe na mtu aliyemchagua mwenyewe wakati wa uchungu, na mtu huyo si lazima awe mume. Waulize kliniki utaratibu wa pale unapotarajia kujifungulia. Kama ndani ya wiki chache zijazo mumeo amejifunza kuuliza "nikusaidie nini" na kusubiri jibu, mpeleke, atakufaa. Kama bado anashusha pumzi ukiguna, chagua mwingine, umwambie mapema na kwa upole kwamba siku ile unamhitaji mtu atakayekuamini ukisema inauma. Hasira yake, ikija, ataimaliza mwenyewe. Wewe utakuwa na kazi.

Shangazi