Tuvalu haiishi kwa .tv peke yake

Ukiuliza kama pato kubwa la serikali ya Tuvalu, nchi ya visiwa kwenye Bahari ya Pasifiki, ni zile anwani za intaneti zinazoishia na .tv, jibu ni hapana. Ni samaki. Nchi kavu ni kilomita za mraba 26 tu, visiwa tisa, watu kama elfu 11, lakini bahari yake inazidi kilomita za mraba 700,000, na jodari wamejaa humo. Meli za kigeni hulipia kila siku ya kuvua, bei ikipangwa pamoja na majirani kama Kiribati na Nauru. Ushirikiano huo ndio uliowaokoa, maana zamani kila nchi ilikuwa ikipunjwa kivyake.

.tv inaleta mamilioni ya dola kila mwaka, sikatai, ila inakuja nyuma ya leseni za uvuvi. Pia wana mfuko wa akiba tangu 1987.

Kilimo usikihesabu. Pulaka, jamii ya magimbi, hupandwa kwenye mashimo yaliyochimbwa hadi kufikia maji ya chini ya ardhi yasiyo na chumvi, na sasa chumvi ya bahari inapenya humo na kuozesha mizizi. Hakuna mto hata mmoja. Maji ya kunywa ni ya mvua, yanakingwa kutoka mapaani.