White Sox 2026: tiketi za msimu mzima au usubiri?

Ndugu yangu, nimekuelewa. Umeona White Sox, timu ya besiboli ya Chicago, wakichangamka mwishoni mwa 2025, sasa unajiuliza kama ulipie tiketi za msimu mzima ujao.

Upande wa kupiga, mtazame Colson Montgomery. Aliingia Julai, na katika mechi 71 akapiga homurani (mapigo ya kuvusha mpira nje ya uzio) 21. Hiyo si bahati tupu. Ila bado anaukosa mpira mara nyingi mno, na warushaji wa timu pinzani wana kipindi kizima cha baridi cha kumsoma. Kyle Teel, mdakaji, naye ananipa moyo sana.

Kwa urushaji, tegemeo ni Shane Smith, aliyeitwa All-Star, yaani mechi ya nyota wa ligi, msimu wake wa kwanza, 2025. Kabla ya hapo mkono wake haukuwahi kubeba mzigo mkubwa hivyo kwa mwaka mmoja, kwa hiyo fuatilia habari za bega na kiwiko chake mazoezi yakianza Februari.

Usiyaamini sana matokeo ya Septemba, mwishoni mwa msimu: vikosi huongezwa kutoka wachezaji 26 hadi 28, na timu zilizokwisha kufuzu mchujo wa ubingwa hupumzisha nyota. Kupoteza mechi 102 mwaka 2025 baada ya 121 mwaka 2024 ni hatua, lakini bado ni mechi 102.

Ningekuwa wewe, ningenunua chache za Aprili na Mei kwanza. Na kama unawaza kubeti, acha. Ukiwa tayari na madeni ya kubeti, muone mshauri nasaha mapema.