Usikimbilie kununua kompyuta mpya

Pole, ndugu. Nimekuelewa: kompyuta ya steshenari ina RAM ya GB 4, inaikataa Windows 11, na fundi anasema ununue nyingine. Subiri kwanza. Kweli Windows 10 iliishiwa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, lakini mashine yenyewe haijafa.

Yangu niliiwekea Linux Mint, mfumo endeshi unaokaa badala ya Windows, toleo la Xfce: jepesi, tena bure. Iwashe kwanza kutoka kwenye flashi uliyoiwekea Mint, bila kufuta chochote, humo humo ujaribu Wi-Fi na printa. Printa ndiyo maumivu ya kichwa. Yangu iliskani vizuri, kuchapa ikagoma mpaka nilipotafuta draiva, yaani programu ya kuiendesha printa.

LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, inafungua faili za Word, ila CV za wateja huhama mistari kwa sababu fonti si zile zile. Waambie walete PDF.

Kama unatumia programu ya mahesabu inayotaka Windows, muulize aliyekuuzia kabla ya kuhama. Na nakili kila kitu kwenye diski ya nje: ukikosea kuchagua wakati wa kusakinisha, diski nzima inafutika. Ukiona mkono unatetemeka hapo, mlipe fundi. Si huyo, lakini.