JIBU: Naomba listi ya filamu za baiskeli za kuonyesha watoto (USIANZE NA ILE KATUNI!)

Mkuu, wewe uliyeandika toka Masasi, simama hapo hapo, salamu utazikuta mwisho.

Umesema Jumamosi, baada ya mashindano ya baiskeli ya watoto wa shule, mtawasha projekta uwanjani. Umeomba listi ya filamu za baiskeli, za kuigiza na za makala, ukauliza projekta gani inafaa, kibali kinapatikana wapi na kiingilio kiwe shilingi ngapi. Sawa. Ila kule chini ukachomekea kama jambo dogo: "Nafikiri nianze na ile katuni ya Kifaransa ya bibi na mjukuu wake, nimeambiwa haina maneno, watoto wataelewa." Nilikuwa nakula. Nimeacha ugali.

Na mimi niliambiwa hivyo hivyo. Haina maneno, kweli haina. Maneno yalikuja baada ya filamu, na mengine bado yananifuata nikipita sokoni.

Ilikuwa Novemba 2021, Mikindani. Mimi ni fundi baiskeli, na nilikuwa na kikundi cha vijana tunaotoka Mtwara mjini mpaka Mikindani kila Jumapili, kama kilomita 10 hivi. Kati yao wasichana walikuwa 11. Hao 11 walinigharimu miezi saba ya kubisha hodi. Baba wa huku hana shida mwanawe akibeba ndoo ya maji kichwani kutoka mbali, ila akimwona juu ya baiskeli anauliza, "Anakwenda wapi huyu?" Nilikaa kwenye mikeka ya watu, nikanywa chai ya watu, nikaapa kwamba aibu haitatokea. Malipo ya korosho yakawa yameingia, watu wana raha, na mzee mmoja mwenye mashamba akaniahidi baiskeli 6 mpya za kikundi endapo ataridhika na tunachofanya. Nikasema basi, nifanye usiku wa filamu za baiskeli, wazazi waje wajionee.

Filamu nikazifuata kwa jamaa mmoja mjini anayejaza watu filamu kwenye flashi. Nikamwambia nataka za baiskeli, za familia. Akajibu bila hata kuinua macho kwenye kompyuta: "Chukua hii katuni. Bibi na mjukuu, mashindano ya Ufaransa. Safi kwa watoto." Umeiangalia? "Mara nyingi tu." Mwongo mkubwa! Nilipomrudia baadaye akakiri alichoangalia ni picha ya kava. Ile kava ina bibi, bibi ana miwani, akaona yatosha. Na mimi kwa ujanja wangu nikaingia mtandaoni kuhakikisha. Nikakuta listi nne za filamu bora za baiskeli, zote zinaitaja, na zote kwa sentensi karibu ile ile. Leo najua zile listi zinavyopikwa: mmoja anaandika, kumi wananakili, hakuna aliyekaa akaangalia. Mimi nikawa wa kumi na moja, tena nikakodi na jenereta juu.

Inaitwa The Triplets of Belleville, ya mwaka 2003, aliyeitengeneza ni Sylvain Chomet. Nisiinyime haki yake, ni kazi nzuri mno. Bibi mmoja, Madame Souza, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine, anamlea mjukuu anayeitwa Champion. Anamnunulia baiskeli, anamnoa mpaka anaingia Tour de France. Mjukuu akipanda mlima, bibi yuko nyuma kwenye baiskeli ya magurudumu matatu anapuliza filimbi. Wakirudi nyumbani anamkanda misuli kwa mashine ya kukatia majani. Halafu ananyoosha rimu kwa kugonga spoku moja moja na kusikiliza mlio. Hapo mimi kama fundi nilitaka kusimama nipige makofi, maana ndivyo ninavyofanya: spoku iliyolegea inalia kama mtu aliyekatizwa usingizi.

Ila hayo niliyaona baadaye, peke yangu, nyumbani. Kinachotangulia kabla ya bibi ni onyesho lililochorwa kama filamu za zamani, nyeusi na nyeupe. Matajiri wanashuka kwenye magari, wake zao wanene hawapiti mlangoni. Watoto wakacheka. Kinamama wakacheka. Mimi nikaona mambo yamekaa sawa, nikaenda nyuma kuongeza petroli kwenye jenereta.

Kule nyuma sikuona kitu. Nilisikia kicheko kinakatika. Umewahi kusikia watu 150 wananyamaza kwa pamoja? Jenereta linanguruma peke yake. Halafu sauti ya mtoto, nyembamba, mbali huko mbele: "Mama, mbona huyu hana blauzi?"

Nikaja mbio, petroli mkononi. Kwenye shuka la kuonyeshea alikuwa anacheza mwanamke mweusi, mchoro wa kumwigiza Josephine Baker, yule Mmarekani aliyeitikisa Paris miaka ya 1920. Kiunoni kavaa ndizi. Ndizi tu. Juu hana kitu, na vile alivyochorwa, hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wanaume waliokuwa wamekaa na wake zao wanaruka jukwaani, wanageuka nyani, wanamnyang'anya ndizi. Mstari wa mbele kwenye viti nilikuwa nimewakalisha maalim wa madrasa, yule mzee wa korosho, na mama yake mzee wa korosho. Viti nilivipanga mwenyewe, mkuu. Nilitaka waone vizuri.

Akili ikaniambia ziba. Nikajirusha mbele ya projekta. Shuka likawa jeusi, na yule mama akahamia kifuani kwangu, akaendelea kucheza kwenye fulana yangu nyeupe mbele ya watu wote. Nikigeuka kushoto anacheza begani. Nikigeuka kulia yuko mgongoni na nyani wake. Kuna mtu alirekodi. Usiitafute hiyo video.

Maalim aliinuka, akakung'uta kanzu taratibu, akaondoka bila kusema. Angenitukana ningelala.

Ungedhani hapo nilizima. Nikasema, wakimwona bibi na baiskeli watasahau, nikasogeza mbele. Basi kumbe huko mbele Champion anatekwa nyara na majambazi, anawekwa kwenye baiskeli isiyokwenda popote ili watu wamchezee kamari. Bibi anavuka bahari kumtafuta, anapokewa na vikongwe watatu, na vikongwe chakula chao ni vyura. Supu ya vyura. Vyura wa kuchoma kwenye kijiti. Kwa hiyo kwa usiku mmoja niliwapa watu wa Mikindani uchi, kamari na chura. Waliokuwa wamebaki waliondokea kwenye chura.

Hasara sasa. Projekta, spika, jenereta na petroli, 185,000. Kiingilio cha 500 nilirudisha chote, hadi kwa wawili ambao nina hakika waliingia bure. Hiyo ni pesa, pesa hutafutwa. Baiskeli 6: mzee alinipigia simu wiki iliyofuata, akaniuliza habari za nyumbani, habari za kazi, kisha akasema baiskeli zimepata shughuli nyingine. Na Jumapili iliyofuata, kati ya wasichana 11, walikuja wawili. Mmoja alikuwa ametoroka. Nilimrudisha kwao mwenyewe, baiskeli nimeikokota mkononi.

Kwa hiyo sikia. USIONYESHE FILAMU AMBAYO HUJAIANGALIA YOTE, DAKIKA KWA DAKIKA, UKIWA UMEKAA NA MAMA YAKO. Usikate hata kipande cha neno hapo. "Na rafiki yangu tuliiangalia" haihesabiki. Dondoo za mtandaoni hazihesabiki, wala kuisogezasogeza ukaona baiskeli tatu ukatosheka. Kama mama yako hayupo, azima mama. Mama mkwe ni bora zaidi, ila hapo uwe na moyo.

Nilivyofanya mara ya pili: nikapata Wadjda, ya mwaka 2012, ya Haifaa al-Mansour wa Saudia. Huyu mama alipokuwa akipiga picha za barabarani Riyadh alilazimika kujificha ndani ya gari na kuelekeza watu wake kwa redio, kwa sababu mwanamke kuonekana akifanya kazi na wanaume hadharani kulikuwa na shida. Kabinti kanataka baiskeli ya kijani, riyali 800, kanaingia mashindano ya kusoma Kurani ili kapate pesa. Nikamkalisha mama yangu kitandani, laptopu juu ya ndoo iliyofunikwa, namsomea tafsiri za chini. Aliposikia mume anaoa mke wa pili akasema, "Simamisha." Nikasimamisha. Akaongea dakika ishirini juu ya marehemu baba. Mwalimu mkuu alipoamua pesa ya zawadi ya mtoto iende kwingine, mama akamtukana kwa Kimakonde, tusi ambalo sikuwahi kulisikia kwake tangu nizaliwe. Mwisho sikuambii, wewe kaa na mama yako. Nilipouona uso wake taa zilipowaka nikajua hii nibebe. Nikaenda nayo nyumba kwa nyumba, safari hii bila uwanja na bila jenereta, na wasichana wakarudi saba.

Nyingine za listi yako, haraka. Bicycle Thieves ya De Sica, 1948, Roma: mtu kapata kazi ya kubandika matangazo kwa sharti la kuwa na baiskeli, mkewe anaweka rehani mashuka ya kitandani ili baiskeli ikombolewe, siku ya kwanza kazini inaibwa. Nzuri kupita kiasi, lakini watoto wametoka kushindana wana furaha, wewe unawawekea baba anayedhalilishwa mbele ya mwanawe? Weka kwa wakubwa. The Boy Who Harnessed the Wind ya 2019 ni ya majirani zetu Malawi, ukame na njaa yake tunaijua, ila baiskeli ya baba inakatwa ili mtoto atengeneze kinu cha upepo cha kuvuta maji. Ukiionyesha, ficha msumeno. Nilipoionyesha mimi, wiki ile nililetewa fremu mbili zilizokatwa. Rising from Ashes, timu ya baiskeli ya Rwanda baada ya mauaji ya 1994, inafaa hasa kwa vijana wanaoshindana. Icarus ya 2017 na The Armstrong Lie ya 2013 ni sindano, dawa za kuongeza nguvu na uongo mwanzo mwisho, za watu wazima wenye subira. Na hizi zote usinisikilize mimi, mimi ni mtu wa mtandaoni tu kama wale wa listi. Kaa na mama.

Shuka la kuonyeshea ninalo, jeupe, mita tatu na nusu kwa mbili, lina tone moja la petroli pembeni ambalo halikutoka. Nitalipakia kwenye basi la Masasi kesho asubuhi ukinitumia namba ya simu kwa ujumbe wa faragha (PM). Ile flashi usiniombe.

Salamu zako hizi, mkuu. Habari za huko?