Nilichanja homa ya ini nikiwa tayari kwenye azathioprini, nikalazimika kurudia

Mkuu mleta mada, umesema mdogo wako wa Masasi ana vidonda vya utumbo mpana, daktari anataka kumwanzishia azathioprini (dawa ya kushusha kinga ya mwili) lakini kamwambia akachanje homa ya ini B kwanza, na mama nyumbani anasema chanjo itauamsha ugonjwa. Umeuliza kama kuna mtu wa Kusini aliyepitia hilo. Nipo, ila ni ndefu kidogo.

Mimi ni mkulima wa korosho, Tandahimba. Tumbo lilinianza 2016. Miaka miwili nilitibiwa amiba na taifodi, Flagyl nilizomeza zingejaa debe. Damu ilipozidi chooni ndugu wakachanga, nikapelekwa Dar kupigwa kamera ya utumbo, ndipo ugonjwa ukapata jina, lilelile la mdogo wako. Nikaanza salfasalazini (vidonge vya kutuliza utumbo), prednisoloni (steroidi) kila ulipochachamaa, na 2019 wakaongeza azathioprini. Katika safari yote hiyo hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kuchanjwa chochote, na mimi sikuuliza. Huku kwetu chanjo ni ya mtoto na mama mjamzito. Ukiona mtu mzima anachanjwa, ujue kaumwa na mbwa.

Kumbe sisi tuliozaliwa kabla ya 2002 hatukupata chanjo ya homa ya ini B utotoni, kwa sababu ndio mwaka Tanzania ilipoiingiza kwenye chanjo za watoto. Na kirusi hicho kinaweza kukaa mwilini kimya kimya miaka na miaka, halafu dawa za kushusha kinga zikakiamsha, ini likaharibika. Ndiyo maana daktari wa mdogo wako kasema vile. Mshikeni huyo, wengi hatukumpata wa namna hiyo.

Sasa hofu ya mama. Siicheki, kwa sababu niliibeba mwenyewe. Rais Samia alipozindua chanjo ya UVIKO Julai 28, 2021, nilijitokeza Agosti, nikachomwa ile ya dozi moja. Oktoba tumbo likalipuka: choo mara kumi kwa siku, damu, kilo zikapukutika. Baba mdogo akasema, "Si nilikwambia?" Na mimi nikaamini. Mwaka uliofuata nilipoambiwa kuhusu chanjo ya homa ya ini nikakataa katakata.

Aliyenifungua macho ni daktari kijana niliyemkuta kliniki 2023. Hakubishana. Aliniuliza tu: "Septemba ile ulikuwa unameza nini?" Nikanyamaza. Ukweli ni kwamba Septemba mfukoni hamna kitu. Hela imeishia kwenye salfa ya kupulizia mikorosho na vibarua, mnada wa korosho bado, na sikutaka kuuza kangomba, yaani kwa walanguzi kabla ya mnada, nikapoteza mzigo kwa bei ya kutupa. Salfasalazini ilikwisha, nikasema nitanunua korosho zikitoka. Nilikaa wiki tano bila dawa. Utumbo uliamka kwa sababu niliuacha bila ulinzi, ila chanjo ndiyo iliyokuwa na sura ya kulaumiwa. Akaniambia wagonjwa kama sisi wamefuatiliwa kwenye tafiti nyingi, na waliochanjwa hawakuonekana kulipukiwa na ugonjwa zaidi ya wasiochanjwa. Kwa hiyo muulize mama swali hilohilo: kijana anameza dawa zake kila siku, au anaruka?

Nikapimwa, sina kirusi, nikaanza dozi. Ni tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu mwezi wa 6 tangu ile ya kwanza. Friji la chanjo pale nilipoelekezwa liko kliniki ya mama na mtoto, basi nikapanga foleni na ndevu zangu katikati ya kanga na vichanga. Nesi kaninyooshea mkono kudai kadi: "Njomba, mtoto yuko wapi?" Benchi zima likaangua kicheko. Nimewahi kujiuliza ni wanaume wangapi wangegeuka na kurudi nyumbani pale pale.

Dozi ya tatu ilipopita nikapima kinga mwezi mmodi baadaye. Inatakiwa ifike angalau uniti 10 (mIU/mL) kwenye kipimo cha damu, yangu haikufika. Mwili ulioshushwa kinga hauitikii chanjo vizuri kama wa mtu mwenye afya. Nikarudia dozi zote tatu, nauli juu ya nauli, ndipo ikashika. Ningechanjwa 2019 kabla ya azathioprini, huenda safari tatu zingetosha. Kwa hiyo mdogo wako aanze sasa hivi. Lakini kama anatokwa damu sana asikae miezi 6 akisubiri kumaliza dozi. Chanjo hii haina kirusi hai, inaweza kuendelea huku anatumia dawa. Wapange na daktari.

Chanjo za kuogopa kweli kwa watu wetu ni zile zenye vimelea hai: surua na rubela, tetekuwanga, homa ya manjano, polio ya matone. Ukiwa kwenye azathioprini, au prednisoloni miligramu 20 na zaidi kwa siku kwa wiki mbili au zaidi, hizo hapana. Kama anazihitaji, zitangulie dawa kwa wiki 4 au zaidi. Azathioprini si kitu unachoacha leo kesho ukachanja, inataka kama miezi mitatu, tena kwa ruhusa ya daktari. Ya homa ya mapafu na ya mafua ya sindano hazina shida hiyo, tatizo ni kuzipata. Kwenye ratiba ya Serikali ya watu wazima hazimo, mimi ya mapafu niliinunua nilipokwenda Dar kwa mambo mengine.

Kitu kimoja ambacho hakuna anayekitaja: kama nyumbani kuna kichanga, ile chanjo ya matone ya rota (ya kuzuia kuhara) ya wiki ya 6 na ya 10 ina kirusi hai na hutoka kwenye choo cha mtoto. Mtoto apewe, asinyimwe. Ila mwenye dawa za kushusha kinga asibadilishe nepi kwa wiki 4 hivi. Mke wangu bado anasema hiyo nimeitunga.

Kabla ya yote apimwe HBsAg, kipimo cha damu cha kuona kama ana kirusi cha homa ya ini B, asichomwe kwanza halafu ndipo apimwe. Ikirudi chanya chanjo haitamsaidia, na azathioprini isianze mpaka daktari aamue kuhusu dawa ya kukizuia kirusi. Majibu yakitoka rudi hapa utuambie. Na mwambie apige simu kuuliza kama dozi ipo kabla hajapanda gari. Mara mbili mimi nilifika nikaambiwa imeisha, njoo wiki ijayo.